Mlima Ambao Sikuupanda

Faida, mama yangu,

Mmeondoka saa nane kwenda kanisani, wewe na mama yako, kwa sababu kwaya inataka kukuimbia kabla hujasafiri. Mimi nimebaki hapa nyumbani Rosettenville, katika chumba changu cha kushonea, nimesukuma cherehani pembeni nipate nafasi ya kuandika. Uliniuliza mlangoni kama naumwa. Siumwi. Nina neno la kukuambia, na nikilisema kwa mdomo nitaanza kulipamba, unavyonijua. Kwenye karatasi nitajizuia.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua unakisoma polepole, ukifuata mistari kwa kidole, kama mama yako alivyokufundisha kwa Biblia yake. Basi soma polepole. Ya pasipoti, ya soksi za sufu na ya kupiga simu kila Jumapili sitayagusa. Mama yako ameshayasema mara tatu, na mimi sina la kuongeza.

Kesho unakwenda Cantal. Naliandika neno hilo kwa furaha. Tangu walipokujibu kwamba wamekukubali, sijatulia. Wiki iliyopita nimekata suruali ya mzee wa kanisa ikawa fupi kwa upana wa vidole vinne, kwa sababu mawazo yangu yalikuwa Ufaransa, kwenye malisho ya majani marefu, nikisikia kengele za ng'ombe. Mtoto wangu, aliyezaliwa Johannesburg, aliyejifunza kutembea milimani hapa Klipriviersberg na vijana wenzake, atakaa miezi sita katika nyumba ya wageni chini ya mlima Puy Mary, akiwaongoza watalii kwenye njia zile! Mara nyingine nasimamisha mashine katikati ya mshono na kucheka peke yangu. Wateja wananitazama.

Lakini katika furaha hiyo kuna mwiba, na mwiba huo niliuchomeka mimi mwenyewe.

Unakumbuka siku ile uliyotusomea barua yako ya kuomba kazi? Ulisimama pale jikoni, ukaisoma kwa Kifaransa, ukamtafsiria shangazi yako aliyekuwa akichambua majani ya sombe. Uliandika kwamba baba yako alipokuwa kijana alisimama juu kabisa ya Puy Mary, akaona mabonde yote yakitoka chini ya miguu yake kama miali ya nyota, na kwamba ulilala na hadithi hiyo utoto wako wote. Shangazi akapiga makofi. Ukaniuliza, "Papa, nimeiandika sawasawa?" Nikakujibu kwamba umeiandika vizuri sana.

Faida, sikufika juu.

Sasa nimelisema. Ngoja nikueleze lilivyokuwa, tangu mwanzo, kwa sababu sehemu kubwa ya niliyokusimulia ni kweli, na sitaki uyatupe yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, kwetu Masisi, Kongo. Nilifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha jibini cha parokia. Padri wetu alikuwa na rafiki mkulima huko Cantal, anaitwa Gérard, naye akakubali kupokea kijana mmoja kwa msimu mzima, kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi, ili ajifunze kutengeneza jibini kubwa lile linalokaa miezi mingi bila kuharibika. Padri akanichagua mimi. Hayo yote ni kweli.

Ni kweli pia kwamba nilipofika nilishuka kwenye gari nikadhani nimerudi nyumbani. Vilima vilikuwa vya kijani kibichi, vya mviringo, vimejaa ng'ombe, na mawingu yalikaa juu yake kama kwetu. Volkano zilizokufa zamani sana ndizo zilizoumba nchi ile. Sisi tulizoea volkano zinazotoa moshi, zinazofanya watu walale na viatu. Zile za kwao zimelala, na ng'ombe wanakula majani juu ya migongo yake.

Na habari ya ndama ni kweli tupu. Ng'ombe wao ni wekundu, wekundu mzito kama mbao za mninga, na pembe zao zimepinda kama kinubi. Asubuhi ya kwanza Gérard alinipeleka kukamua. Alitaka kunieleza kwamba ng'ombe hawa hawashushi maziwa mpaka ndama wake aletwe, anyonye kidogo, kisha afungwe kwenye mguu wa mbele wa mama yake. Kabla hajamaliza kueleza nilikuwa nimeshafungua kizuizi na ndama ametoka. Kwetu tunafanya vilevile. Gérard alinitazama, akavua kofia yake, akaniambia kwamba amepokea vijana wengi kutoka miji mikubwa ya Ufaransa na hakuna hata mmoja aliyejua jambo lile. Mwezi mzima alinisifu mezani. Nadhani hapo ndipo kosa langu lilipoanza. Nilizoea kusifiwa.

Jumapili ya kwanza ya mapumziko, mwezi wa sita, Gérard alinichukua kwa gari mpaka mahali barabara inapovuka kati ya milima. Panaitwa Pas de Peyrol. Kutoka hapo kuna njia ya ngazi inayokwenda moja kwa moja mpaka kileleni. Utaiona keshokutwa. Watu wengi huipanda kwa nusu saa au dakika arobaini. Yeye alikuwa na ng'ombe wa kuangalia upande wa pili, akaniambia nipande nifurahie, atanirudia baada ya saa mbili.

Nikaanza kupanda kwa mbio. Jua lilikuwa kali, upepo wa baridi, na nilijiona mfalme. Sehemu ya kwanza haikunisumbua. Halafu ngazi zikapanda mgongoni mwa mlima, nikageuza uso upande wa kulia, na upande ule haukuwa na kitu. Majani yaliteremka, yakateremka, yakaisha, na chini kabisa kulikuwa na nyumba ndogo kama punje za mahindi. Nikageuka kushoto, ni vilevile. Nilikaa kwenye ngazi nikashika majani kwa mikono miwili, na nakuapia, nilihisi mlima mzima unainama kunimwaga.

Wanawake wazee watatu wenye fimbo za kutembelea walinipita wakizungumza habari za wajukuu. Mmoja akanitia moyo, akaniambia pamebaki kidogo tu. Nilimshukuru. Walipopotea juu yangu, niligeuka nikaanza kushuka, na sikushuka kwa miguu. Nilishuka nimekaa, ngazi kwa ngazi, mpaka mahali pasipokuwa na shimo upande wowote. Kisha nikaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya kibanda kinachouza kadi za posta, nikamngoja Gérard.

Alipofika aliniuliza, "Haya, huko juu je?"

Fikiria, Faida. Neno moja lingetosha. Kuogopa kimo si dhambi. Lakini nilikuwa kijana aliyejua habari za ndama, aliyesifiwa mwezi mzima, mtu mweusi peke yake katika bonde lile, na niliona kwamba nikishindwa mimi, Masisi yote imeshindwa. Nikamjibu, "Pazuri sana. Nimeona mabonde yote."

Alifurahi kuliko nilivyotazamia. Jioni mezani aliwasimulia wote kwamba Mkongo wake amepanda Puy Mary mbio kama mbuzi. Mama yake, bibi wa miaka sabini na moja aliyeitwa Odette, alikuwa akigeuza kwenye kikaango viazi na jibini bichi, chakula chao kinachovutika kama utomvu. Alinipakulia.

Wiki ile nilimwandikia mama yako. Hatukuwa tumeoana bado. Yeye alikuwa Goma, akifundisha shule ya msingi, na mimi nilikuwa mmoja wa watu wawili waliomtaka. Nilinunua kadi yenye picha iliyopigwa kutoka kileleni, nikaiweka mbele yangu, nikaandika kurasa nne. Niliandika upepo, niliandika mabonde, niliandika nilivyopiga magoti nikaomba Mungu anikutanishe naye. Kalamu ilikimbia. Alinijibu kwamba ameisoma barua kwa sauti mbele ya kwaya nzima na watu wamelia. Sasa ningerudi vipi nyuma?

Hapo ndipo ninapotaka usikilize, kwa sababu kosa la siku moja lingekuwa dogo. Lililonigharimu ni yaliyofuata. Gérard alitaka kunionyesha kila kitu. Jumapili iliyofuata alipanga tutembee juu ya ukingo wa milima, mahali ambapo mwamba umekatika na watu hupita wakishika mawe. Nikasema nasali Jumapili. Jirani yake akaniita twende tukaogelee ziwani. Nilihofu kwamba njiani kuna mlima, nikasema goti linaniuma. Vijana wa kijiji walinialika kulala nje kwenye malisho ya juu tutazame nyota, kwa kuwa kule hakuna taa za mji na anga lote linawaka. Nikasema nina barua za kuandika. Baada ya wiki chache waliacha kunialika. Baadaye niliambiwa walidhani nina majivuno, kwamba siwapendi.

Basi nikawa mfungwa katika nchi nzuri kuliko zote nilizowahi kukanyaga. Kila Jumapili nilikaa chumbani, dirisha wazi, mlima ule ule ukinitazama, nikinakili kadi za posta. Mama yako alipata barua ya maporomoko ya maji, barua ya kijiji cha mawe meusi, barua ya ziwa, barua ya tai. Sikuwa nimeona hata kimoja. Na vyote vilikuwa mwendo wa kutembea kutoka mlangoni.

Mwezi wa nane uliisha hivyo. Siku moja, si Jumapili, Mama Odette alinijia nikisafisha mapipa ya mbao ya maziwa. Alikuwa na ndoo mbili. Akasema nimsindikize kuchuma matunda, vile vitunda vidogo vya buluu vinavyoota chini kwenye vichaka, na kwamba mzigo utamshinda peke yake. Nikauliza ni mbali, ni juu sana? Akasema njia ni tambarare.

Tuliingia msituni. Miti mirefu, vigogo vya kijivu laini, na chini majani makavu ya mwaka uliopita. Alitembea taratibu bila kusimama. Tulipofika mahali njia inaingia nyuma ya maporomoko ya maji alinishika mkono, tukapita kati ya mwamba na maji, tukatokea upande wa pili tumelowa, naye anacheka kama msichana. Mimi nilipiga kelele, Faida. Sijui nilipiga kelele gani, lakini nilipiga. Maji yale niliyaandika kurasa mbili bila kuyaona, na sikuwa nimeandika kwamba yanatikisa kifua cha mtu. Kadi ya posta haikuwa imenieleza hilo.

Tukaendelea mpaka kwenye malisho yaliyo wazi, yenye maua marefu ya manjano ambayo mizizi yake hutengenezewa kinywaji kichungu, na kibanda cha mawe chenye paa zito ambamo zamani wachungaji walikaa kiangazi kizima wakitengeneza jibini. Tulikaa ukutani. Alitoa mkate na kipande cha jibini, akakata kwa kisu kidogo. Mbele yetu Puy Mary ilisimama yote, na watu walionekana juu ya ngazi kama sisimizi.

Akaniambia, bila kunitazama, "Suruali yako ya Jumapili ile niliifua mimi. Ilikuwa imechakaa nyuma, pale pa kukalia. Mtu anayepanda hachakai hapo."

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikamwomba msamaha. Akasema hana la kusamehe, suruali ni yangu. Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Mimi nimezaliwa hapa. Nimemzika mume aliyepanda mlima ule kila mwaka, na wanangu wote wanaupanda. Mimi sijafika. Miguu inakataa. Lakini sijawahi kumwambia mtu kwamba nimefika, na ndiyo maana ninakwenda popote ninapotaka."

Tulichuma mpaka ndoo zikajaa na midomo ikawa ya zambarau. Nilibaki na wiki kama sita kabla ya kuondoka, nazo ndizo safari yangu ya kweli. Kila alasiri baada ya kazi, Mama Odette alinichukua kwenye njia zake za chini. Tulikwenda Salers, kijiji cha mawe meusi kilichojengwa kwa miamba ya volkano, tukakikuta kimetoka kunyeshewa, na mawe yaling'aa kama ngozi ya nyoka. Tulikaa kando ya ziwa dogo mpaka samaki wakatuzoea. Alinionyesha mnyama mnono anayesimama kwa miguu ya nyuma na kupiga mluzi, anaitwa marmotte, na alijua kuigiza mluzi wake mpaka wanajibu. Alinifundisha kunusa jibini ukutani mwa ghala na kusema ni la malisho gani. Hata leo, nikikumbuka ghala lile, mate yananijaa.

Uliwahi kuniuliza kwa nini kila mara mnapokwenda Klipriviersberg mimi nabaki kwenye maegesho ya magari na boksi la vinywaji. Nilikujibu kwamba lazima mtu alinde magari. Sasa unajua.

Kosa la pili ni kwamba nilimwambia Mama Odette peke yake, tena kwa kuwa alikuwa ameshajua. Gérard sikumwambia. Siku ya kuondoka alinikumbatia akasema nirudi tupande tena pamoja, nami nikaitikia. Na niliporudi nyumbani nilimkuta mama yako amekubali kuolewa nami, kwaya nzima inaniita Mtu wa Mlimani. Nikanyamaza. Kisha vita vikala ng'ombe wetu, vikala kiwanda, na tukaanza safari iliyotuleta huku. Jambo la mlima likawa dogo. Mtu anayetafuta pa kulala haulizwi alipanda nini.

Ulizaliwa baada ya sisi kungoja miaka saba. Na ulipokuwa na miaka sita, tukiishi Malvern karibu na Jules Street, ilikuja wiki ile wageni walipofukuzwa mitaani. Tulikimbilia ukumbi wa kanisa, familia nyingi, tumelala kwenye magodoro yaliyogusana. Ulikuwa ukitetemeka kila mlango ulipofunguliwa. Sikuwa na kitu cha kukupa. Nikakuambia, "Njoo, tupande mlima." Nikakupandisha ngazi zote za Puy Mary, moja moja, ukazihesabu nami, na tulipofika juu nilikuonyesha mabonde, nikakuonyesha ng'ombe wekundu, na ukalala. Usiku uliofuata uliniomba tena. Tulipanda kila siku mpaka tulipohamia huku.

Kwa hiyo usidhani nakuomba msamaha kwa hadithi ile. Ile ningekusimulia tena leo. Ninalokuomba msamaha ni kwamba ulikua, ukawa mtu mzima mwenye shahada yake, na sikukuambia ni hadithi. Nilikuacha uiandike kwenye karatasi na kuweka sahihi yako chini yake.

Alhamisi nilishindwa kula. Nikamwambia mama yako kila kitu, tangu ngazi mpaka benchi. Alikuwa akipasi gauni lako. Hakuacha kupasi.

"Nilijua kabla hujarudi Goma," akasema.

Nikamuuliza alijuaje.

"Uliandika kwamba kutoka juu uliiona bahari. Mimi ni mwalimu. Ramani ya Ufaransa ilikuwa ukutani darasani kwangu. Nilipima kwa rula."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kuolewa na mwongo. Akaniambia kwamba yule mwanamume mwingine alimwandikia habari zake mwenyewe kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, na mimi katika barua ya kwanza nilimwandikia kurasa tatu juu ya ndama anayefungwa kwenye mguu wa mama yake. Alisema aliona wazi kwamba hizo ziliandikwa na mtu aliyekuwepo. Akazigusa nguo zako zilizokunjwa, akasema, "Mimi nilikuwa na ramani. Mtoto hana. Mwambie kabla hajapanda ndege."

Ijumaa nilimpigia simu Gérard. Bado hutuma kadi kila mwaka mpya, na katika moja yake alinijulisha kwamba Mama Odette amefariki. Siku hizi shamba analo binti yake, Gérard mwenyewe anakaa nyumba ya jirani. Nilimwambia kwamba unakuja, akafurahi sana. Kisha nikamwambia habari ya ngazi. Kifaransa changu kimeota kutu lakini neno "benchi" halikunipotea.

"Miaka thelathini nimewasimulia watu habari zako," Gérard akasema. "Kila mtalii anayehema pale chini namwambia, nilikuwa na Mkongo aliyepanda mbio kama mbuzi."

Nikamwambia namwonea aibu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na mimi pia. Akasema sasa itambidi awasimulie hadithi nyingine, na huenda hii ikawasaidia zaidi wale wanaohema. Alipomaliza akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama yake alijua. Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Alizoea kunificha mambo ya watu." Na akaongeza kwamba atakungoja wewe kituoni.

Basi, mama yangu, ukifika, mwambie mwenye nyumba ya wageni kwamba ile sentensi ya baba yako haikuwa kweli, na kwamba wewe hukujua. Mwonyeshe barua hii ukitaka. Itakuwa dakika moja ya kuona haya. Mimi nilikataa dakika hiyo moja, ikanila kiangazi. Najua wewe ni jasiri kuliko mimi. Siku ulipoanguka mtihani wa kwanza wa udereva, ulitutangazia mlangoni kabla hatujakuuliza, ukasema, "Eish, nimegonga koni mbili," ukaenda zako kula. Nilikutazama siku ile nikashangaa umetoka kwa nani. Sasa nadhani ni kwa yule mwenye rula.

Katika niliyokusimulia, futa bahari. Futa tai. Futa mimi kupiga magoti kileleni. Ila ng'ombe wekundu, ndama, viazi vya kuvutika, mawe meusi yaliyolowa, mluzi wa marmotte, maji yanayotikisa kifua, hayo yaache yalivyo, nimeyaona kwa macho haya. Nenda ukayakute. Na yale ambayo sikuyafikia, ukingo wa milima, malisho ya juu wakati wa nyota, kilele chenyewe, hayo ni yako mapya kabisa. Hakuna mtu wa nyumba yetu aliyetangulia kuyakanyaga. Nilipofikiri hivyo jana, aibu yangu yote iligeuka kuwa furaha: sikukuharibia kitu, unakwenda kuwa wa kwanza!

Ukiwapandisha wageni, utamwona mmoja amekaa kwenye ngazi ameshika majani. Atakuambia anafunga kamba ya kiatu. Usimtie moyo sana. Kaa naye kidogo, kisha mwonyeshe njia ya msituni.

Na niandikie. Usiniandikie ili nifurahi. Huenda siku utakayofika kileleni ukungu umefunika kila kitu na huoni hata vidole vyako. Basi andika, Papa, nimefika, sikuona kitu. Nitaisoma barua hiyo kwa sauti hapa mezani, na mama yako hatahitaji ramani.

Nasikia geti. Mmerudi, na sauti za kwaya ziko nanyi, nadhani wamekusindikiza mpaka nyumbani na itabidi kuongeza wali. Nilipanga nikutilie barua hii kwenye mkoba uisome ndani ya ndege, nikiwa mbali na macho yako. Nimeghairi. Nitakupa sasa hivi mkononi, kabla ya chakula, nikae hapa kwenye kiti mpaka umalize kuisoma, ili kama una swali uniulize nikiwa mbele yako.

Papa